Mama Mkwe Anasifu Kabichi Nisiyoikata

Mpendwa mshauri Shangazi Janeffer, naomba msaada wako upesi kwa sababu Jumamosi imekaribia na mimi hata usingizi sina. Nimeolewa hapa Ndanai, naishi boma moja na mama mkwe, na hapa kwetu mke hupimwa kwa kabichi, ikikatwa nyembamba kama uzi watu husema kijana wa fulani ameoa, na mimi nilikuwa naikata hivyo mpaka vidole vikaanza kufa ganzi kwa kuchuna chai, kisu kikawa kinaniponyoka, basi bwanangu Obure akaninunulia kimyakimya mashine ya stima ya kukatakata mboga, naificha ndani ya gunia la mahindi, na mama akipeleka majani ya chai kituoni nafungulia redio kwa sauti nakata haraka. Siku moja nilitia chinsaga, yaani mgagani, humo ikatoka uji wa kijani, mama akaonja akauliza, "Mongina, hii mboga imetafunwa na nani?" nikasingizia kwamba niliipika sana. Sasa amejigamba kwa akina mama wa kanisa kwamba kwenye harusi ya wifi yangu Rebeccah, Jumamosi hiyo, nitakata kabichi mbele yao, kwa kisu. Nikikataa nitaitwa mvivu, nikikubali kisu kitaniponyoka na nitakuwa hadithi ya soko. Nifanye nini?

Mongina, Ndanai

Mongina, pole kwa mikono. Lakini haya mengine wewe na Obure mmejitafutia. Mashine si mke wa pili, mbona inafichwa? Tena kwenye gunia, vumbi la mahindi liiue. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia Jumamosi.

Hata kuitumia bado hujui. Chinsaga huchambuliwa kwa mkono, usiipeleke huko tena. Kabichi ipasue, toa kile kigogo cha katikati, weka kisahani cha kukatia na usukume polepole. Vitunguu na karoti ni kazi ya kile kisu cha chini, na hapo unabonyeza na kuachilia huku ukichungulia, ukisahau kidole kwenye kitufe utakunywa supu. Usijaze bakuli. Chomoa stima kabla ya kugusa kisu, na usikitumbukize kwenye beseni la povu, maana vidole visivyohisi vitakatika bila habari. Na hospitali uende, ganzi haiponi kwa kunyamaza.

Sasa mama. Usingoje Ijumaa. Leo Obure akae hapo, aseme ni yeye aliyeinunua, asikuachie mzigo. Iweke mezani, ukate kabichi mama akitazama. Atafoka, na ana haki, umemdanganya. Usijitetee. Akimaliza, mpe mkono wako aushike. Huyo mama alichuna chai kabla hujazaliwa, vidole kama hivyo anavijua, na la kuwaambia akina mama wa kanisa Jumamosi atalijua mwenyewe.