Ndoo Sita Bila Udongo

Jumatatu, 4 Machi
Kiharusi kimechukua upande wa kulia na maneno yote. Daktari anasema mume wangu haelewi kitu tena. Nikasema asante. Asante ya nini?
Uani mimea yake iko vilevile, hakuna udongo hata chembe. Mabomba yenye pampu. Chupa za utambi unaonyonya maji ya mbolea. Ndoo sita za letusi, mizizi imening'inia ndani. Wifi humwita bwana shamba asiye na shamba.
Sijalia. Nimekata kucha.

Jumatano, 6 Machi
Pampu imekufa, mabomba nimeyaacha. Chupa zinajitegemea. Ila ndoo — maji yameshuka hadi nusu! Nimezijaza pomoni.
Jioni, hospitalini, nikamwambia, basi tu niseme kitu: Baba watoto, ndoo zako nazijaza mpaka juu.
"Hewa," akasema. Neno la kwanza! Nesi akafungua dirisha. "Hewa." Wakamwekea oksijeni.
Nilipaswa kufurahi.

Ijumaa, 8 Machi
Hewa, hewa, kutwa nzima. Daktari: ni mdomo tu, usitie maanani.
Wifi kaja. Tukamjadili kaka yake palepale kitandani, kama watu wanaopanga kuhamisha kabati. Nikasema nimechoka, bora Mungu amchukue. Nimesema hivyo, kwa sauti ya kawaida kabisa. Wifi kamnyooshea shuka. Sikuhisi kitu.
Kurudi, nikajaza ndoo.

Jumapili, 10 Machi
Letusi zote sita zimelala. Maji tele, na zimenyauka! Mizizi ya kahawia, inateleza, inanuka. Za utambi ziko wima.
Nikampigia muuza mbegu. Akacheka. Mama, hizo za ndoo hazijazwi, maji yakishuka yaache, mizizi ya juu ndiyo inayopumua. Umeizamisha, inataka hewa.
Hewa.
Nikakaa chini, sakafuni, na simu mkononi. Kumbe alikuwa ananijibu! Nilimwambia najaza, akanikataza. Anaelewa. Alielewa Jumatano.
Na Ijumaa je?

Saa tisa. Niko kwenye benchi nje ya wodi. Mwandiko huu hata mimi siusomi. Naogopa — angalau hilo nalihisi.
Nesi katoka anatabasamu. Mgonjwa wako ana neno jipya, anasema, analirudia tangu asubuhi. Njoo umsikie.
Nimemwambia nakuja, namalizia kuandika.
Nesi bado kashika mlango