Patience asimame

Patience, uko? Leo nimeona haya mbele ya darasa muzima.

Mwalimu Baluku wa jenetiki alisema kila mutu asome na mwenzake, amuelezee somo kwa sauti mpaka aelewe. Anayesomaka peke yake atafeli. Halafu akaniangalia mimi. "Martine, wewe unasomaka na nani?"

Nikasema na Patience. Jina lako!!

Akasema, "Patience asimame."

Wote wakageuka kuangalia nyuma. Patience asimame! Na wewe uko Bwera unauza samaki.

Ikabidi niseme kweli, kwamba kila jioni nakutumia somo kwa sauti kwenye simu: jeni ya baba, jeni ya mama, vile mutoto anachukua. Walicheka mpaka Sylivia akashika tumbo. Mwalimu hakucheka. Aliuliza tu, "Na yeye anaelewa?"

Nikasema ndiyo, anaelewa sana.

Sasa nimefika hosteli, nikapandisha meseji zetu. Sikuwahi kuangalia kama unazifungua. Sauti zote nilizotuma tangu muhula uanze, hata moja haujafungua.

Hata moja, Patience.

Jenetiki acha. Fungua tu ile ya kwanza. Ile nilikuwa nakusalimia.