Helikopta ya Hategekimana

Murara, Goma, tarehe 8 Februari 1959

Kwa mdogo wangu Koporo Hategekimana, kambini Rumangabo,

Pokea salamu nyingi, wewe na mkeo Mukamugema na watoto. Natumaini wote ni wazima. Sisi huku hatujambo, ila mke wangu Asumini ana kikohozi cha vumbi la mbao, na kila akikohoa ananitazama mimi.

Helikopta imekwisha. Tangu nilipokuja kutengeneza milango ya mesi yenu nikaiona ile kubwa imekaa uwanjani, haikunitoka kichwani. Nimeichonga kwa mti wa murinzi, maana ni mwepesi na haubishani na patasi. Mapanga matatu ya juu nimeyakata katika kopo la maziwa ya unga, ukiyapuliza yanazunguka. Vioo vya mbele ni picha ya eksirei ya mgonjwa fulani, niliyopewa na Védaste wa hospitali. Niliiosha kwa maji ya moto mpaka mbavu zote zikatoka. Rangi ndiyo iliyonitesa. Kijani cha dukani kilitoka kama sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Mwisho nikatia nyeusi kidogo ndani ya njano, na kijani cha jeshi kikaja chenyewe. Brashi ni nywele za sikio la ng'ombe uliyenipa.

Majirani wamecheka mpaka wamechoka. "Yuma, muzee muzima, uko nafanya michezo ya batoto?" Waache. Wao wanaona mchezo. Mimi namwona mdogo wangu anapanda ngazi kila Jumamosi kuosha helikopta ya jeshi, anaijua kuliko wanaoiendesha, na hajaambiwa hata siku moja aketi ndani yake, hata ikiwa imezimwa. Hilo linanichoma, na sitaki kulizoea.

Nilipochonga jeneza la mama yako nikakataa malipo, ulinipa mtamba. Ulisema kwenu mtu akikupa ng'ombe mmekuwa ndugu. Wazee wangu walitoka Kasongo na biashara, zizi hatulijui. Basi huyu ndiye ng'ombe wangu kwako. Hii hutaiosha kwa amri ya mtu, ni yako. Dereva Swedi atakuletea kwa kamyo yake, ndani ya sanduku la sabuni.

Kaka yako,
Yuma


Rumangabo, tarehe 21 Februari 1959

Kaka Yuma,

Mungu akulinde pamoja na Mama Asumini, na kikohozi kimwache. Sisi ni wazima, mvua inatupiga vizuri.

Kaka, imefika bila mkwaruzo. Nilipoitoa ndani ya sanduku askari wote wa nyumba za jirani walikuja, wakubwa kwa wadogo, kila mtu anataka kupuliza mapanga. Niliwakataza, mate yao yangeiua. Nimeiweka juu ya kabati, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya arusi, na Mukamugema amenuna siku mbili. Hata Lietena, yule anayeongoza watu wa helikopta, alipita kwenye ukaguzi, akasimama mlangoni akaitazama kitambo. Alisema ni nzuri sana.

Umenipa ng'ombe kweli. Kwetu tukipokea tunapiga makofi na kumtaja aliyetoa. Nimekutaja kwa sauti, "Yuma alinipa ng'ombe!" na majirani wamesikia.

Mdogo wako,
Hategekimana


Goma, tarehe 3 Mei 1959

Koporo,

Salamu. Sisi tu wazima. Nakuuliza hali yako kwa sababu nimelelewa kuuliza, si kwa sababu moyo unataka.

Jana nilikwenda kupima rafu katika duka la Wazungu karibu na ziwa. Dirishani nikaona helikopta yangu. Sisemi inayofanana na yangu. Mtu hapotezi mtoto wake kati ya watoto wa watu! Chini yake kuna karatasi ya Kifaransa: kazi ya mikono ya Lietena fulani, ofisa wa jeshi. Nikamwuliza boi wa duka. Akasema, "Ni Lietena ya Rumangabo njo alituma. Ye njo alitengeneza. Anaenda kwabo Bulaya, anataka batu baione mbele."

Nilisimama pale na futi mkononi. Wanawake wa Kizungu wanapita, wanasema huyu Lietena ana vidole vya dhahabu. Vidole vyake! Mimi vidole vyangu vina makovu ya lile kopo la maziwa.

Nilikupa wewe, wewe ukampa yeye. Ulipiga makofi ukanitaja kwa sauti, kisha ukaitoa kwa mtu ambaye hajakuzikia wala kukuozesha. Kweli fadhila ya punda ni mateke. Kama uliichoka ungenirudishia, mimi nisingekuuliza sababu.

Yuma, seremala


Rumangabo, tarehe 17 Mei 1959

Bwana Yuma,

Salamu, na Mama Asumini umsalimie, yeye hana kosa.

Umemaliza? Basi nami niseme. Sikuitoa. Lietena aliingia nyumbani kwangu na kofia kichwani, akaichukua juu ya kabati kwa mkono wake mwenyewe, akasema anaiazima awaonyeshe wenzake. Sijui kama huko Murara koporo humwambia ofisa hapana. Hapa bado. Kila Jumamosi namwona, kila Jumamosi nangoja aseme neno, na yeye ananionyesha tu mahali pa kuosha.

Lakini wewe ni nani wa kunifundisha heshima ya zawadi? Kwetu, ng'ombe uliyepewa akizaa, ndama jike wa kwanza anarudi kwa aliyetoa. Ndiye anayefunga undugu. Hata mtoto anayechunga mbuzi analijua hilo. Ndama wa kwanza alikuwa jike. Nilingoja. Mzee wangu kule Rutshuru alimtengea kamba. Na wewe ulimchinja kwenye arusi ya dada yako Aziza, ukanitumia mguu wake kwa kamyo ya Swedi, umefungwa vizuri katika majani ya mgomba, pamoja na barua ya kujisifu!

Mukamugema aliuweka jikoni, akaniuliza, "Tuupike ao tuuzike?" Tuliupika, maana kuutupa kungekuwa tusi juu ya tusi. Nilikula, Yuma. Nilitafuna undugu wetu na chumvi, kisha nikakuandikia asante. Mzee wangu hajanisamehe mpaka leo. Anasema nilimpa ng'ombe mtu aliyemla.

Koporo Hategekimana


Goma, tarehe 30 Mei 1959

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kwa mzee wako wa Rutshuru salamu zaidi. Huku wazima.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa. Nani aliniambia habari ya ndama? Kwetu mtu akikupa mnyama, ukimchinja siku ya furaha unamtumia aliyekupa sehemu nzuri, ajue hukumsahau. Nilikutumia mguu wa nyuma, na shangazi zangu walinigombeza kwa kuutoa! Na wewe ukanyamaza miaka miwili. Umekuja kwangu mara ngapi, umekula kwangu, umecheka, na ule mguu umekukwama kooni? Hilo linaniudhi kuliko matusi. Ndugu akikosea mwambie. Usimpikie hasira chini chini.

Ng'ombe amezaa tena, na ni jike. Swedi atamleta wiki hii. Sitaki kusikia neno juu yake, mpokee tu umpelekee mzee.

Ila nisikilize. Mimi nilimla ndama kwa kutojua. Yule Lietena anajua vizuri sana. Aliiona kwako, aliichukua kwako, na kalamu alishika mwenyewe akaandika jina lake. Sisi tukiendelea kurushiana ng'ombe kwa barua, yeye anapanda ndege na helikopta kwapani. Sikutumi ufanye lolote. Una watoto, na mkononi una galoni, zile tepe za ukoporo ulizozitafuta kwa jasho. Nimesema tu kwamba naumia, na silali.

Kaka yako,
Yuma


Rumangabo, tarehe 12 Julai 1959

Kaka Yuma,

Mungu akulinde. Mukamugema na watoto hawajambo. Ndama alifika mzima, mzee alipiga makofi mpaka akakohoa.

Nilikawia kuandika kwa sababu nilikuwa nimefungwa kasho.

Nilikwenda kwake. Nilipiga saluti nikasema, Lietena, ile helikopta uliyoazima ni yangu, aliyeichonga ni kaka yangu Yuma wa Goma, naomba unirudishie kabla hujasafiri. Alicheka. Kisha akaona mimi sicheki. Akasema nimemwita ofisa mwizi. Kesho yake wakapanga kampuni nzima ya askari uwanjani, mbele ya helikopta yenyewe, nikaambiwa niseme kwa sauti kwamba nilidanganya, na kwamba Lietena ndiye aliyeitengeneza. Nikisema hivyo, neno limekwisha na kila mtu anarudi kwenye kazi yake.

Nikasema, "Ni Yuma njo alitengeneza."

Walizikata galoni zangu kwa wembe palepale, wakanitia kasho. Sajini aliyezikata ni mtu wa kwetu. Sasa nasafisha vyoo, na helikopta hata kuiosha siruhusiwi. Mukamugema analia, anasema nimepoteza ukoporo kwa ajili ya kipande cha mti. Nimemwambia si mti. Usinihurumie, kaka. Nina hasira, lakini safari hii sikuimeza, na usiku nalala.

Mdogo wako,
Hategekimana, askari tu


Kasho ya polisi, Goma, tarehe 2 Agosti 1959

Mdogo wangu Hategekimana,

Salamu zote ulizowahi kupewa na mtu, zizidishe. Natumaini nyumba nzima ni nzima. Mimi pia, isipokuwa mgongo, sakafu ya huku ni mawe ya volkano. Karatasi hii Asumini ameipitisha chini ya sahani ya ugali. Anasema mimi ni mjinga, na ameniongezea nyama.

Nilipoisoma barua yako niliweka randa chini, nikaenda mpaka lile duka nikasimama mbele ya dirisha. Kila aliyepita nilimwambia, mweusi kwa mweupe: hii niliichonga mimi, na mwenye mali, mdogo wangu askari, amevuliwa galoni kwa kusema kweli. Wengine walicheka. Wengi walisimama. Wanawake wa soko walishusha vikapu, mmoja akamwuliza mwenye duka kama ni kweli, naye akafunga mlango akapiga simu. Polisi walinibeba miguu ikiburuta, na bado nilikuwa nasema.

Helikopta hatutaiona tena. Lietena aliichukua siku ileile, na ndege yake imekwisha kuondoka. Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira mpaka mlinzi akaniletea maji.

Leo asubuhi komisa, mkubwa wa polisi hapa, alinitoa. Alikuwa amechoka nami, funguo ziko mezani. Akasema sasa mwenye jambo ameenda Ulaya, yeye hataki makelele, nijibu vizuri nirudi kwa mke wangu. Akauliza nani aliitengeneza. Nikasema mimi. Akaandika, akatikisa kichwa, akasema haya, basi kumbe ulikuwa unadai kitu chako tu.

Nikasema hapana, si changu. Andika, ni ya Hategekimana wa Rumangabo.

Akasema hilo linamfanya ofisa mwizi, akanirudisha ndani.

Kaka yako,
Yuma