Msamaha wa Siku ya Pili

Nakuru, Jumamosi, mwezi wa pili, 1958

Jua kali tangu asubuhi, na upepo wa ziwani umeleta lile vumbi jeupe la magadi mpaka ndani ya chai. Mke wangu Rosa amefunga madirisha yote na bado nalisikia kwenye meno. Mabega yananiuma pale kamba ilipokaa. Hasira ninayo, na nataka kuandika kabla haijapoa.

Leo saa nne nilitakiwa kuomba msamaha. Nimeomba, lakini si ule waliokuwa wanaungoja.

Siku za kawaida mimi ni mtu wa ghala la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Napanga magunia, napiga chafya, narudi hapa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, tulipozaliwa sisi watoto wao. Ila kiangazi kikifika huitwa kuongoza watu Mlima Kenya. Nilianza zamani kama mpagazi, kabla ya Hali ya Hatari, na mlima ulipofunguliwa tena nikarudi kama kiongozi wa njia. Kilele cha Lenana nimefika mara kumi na moja. Ninacho kitabu ambamo kila niliyemwongoza huandika maneno yake na kutia sahihi. Bila kitabu hicho hakuna mtu atakayekuita.

Safari hii ilikuwa ya Bwana Carrick, mwenye shamba huko Njoro. Sisi humwita Bwana Saa kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kutazama saa yake. Alikuwa ametangaza safari ya siku tano, ya wapanda mlima wazoefu tu, wasiojua mlima wasijisumbue. Wakaja watatu: wawili wenye mashamba kama yeye, na kijana mmoja wa benki hapa mjini anayeitwa Lyle. Upande wetu kulikuwa na mimi na wapagazi wanne, mkubwa wao Chelule wa Molo, rafiki yangu. Chelule amezaliwa kwenye baridi. Anatembea juu kule kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe.

Siku ya kwanza lori lilitupeleka kwa njia ya Thomson's Falls mpaka ukingo wa msitu. Tukapanda kwenye mianzi, tukalala vizuri. Lyle alikuwa mchangamfu kuliko wote. Aliniuliza majina ya ndege, akayaandika.

Siku ya pili ndiyo inayonisumbua.

Siku hiyo unatoka msituni na kuingia kwenye lile tope la juu, nyasi za mafungu mafungu, kila hatua mguu unazama mpaka kifundo. Bwana Carrick alikuwa mbele na saa yake. Kufika mchana Lyle alikuwa haongei. Tulipokaa kula alikataa chakula, akakataa na chai. Nikamwona anahangaika na kamba ya kiatu chake. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena, kama mtoto anayejifunza.

Chelule alinisogelea. "Barasa, huyu mdogo si mzima."

"Watu wa benki huchoka haraka," nikamjibu.

"Mimi sijasema amechoka."

Nilijua Chelule anasema kweli. Naandika hapa kwa sababu hili daftari ni langu na hakuna haja ya kujidanganya: nilijua. Miaka ya nyuma mpagazi mwenzetu, Simiyu, alianza hivyo hivyo. Kichwa, kisha kukataa chakula, kisha vidole kusahau kazi. Tulimlaza tukisema atapoa. Kulipokucha kifua chake kilikuwa kinachemka kama sufuria, na kabla ya jua kupanda alikuwa amekufa, kama aliyezama majini na hakuna maji karibu. Nilimshika mkono.

Hata hivyo nilinyamaza. Asubuhi Bwana Carrick alikuwa amesema hataki kusikia habari ya kupumzika, na mimi nilitaka aandike vizuri kwenye kitabu changu. Tena nilitaka kilele changu cha kumi na mbili. Kwa hiyo tulipanda mpaka kwenye bonde la juu, chini ya kilele, tukapiga kambi karibu na ile mimea mirefu yenye vichwa kama kabichi, na Lyle akalala bila kula.

Siku ya tatu tuliondoka alfajiri. Wapagazi watatu walibaki kambini, Chelule akaja nasi. Barafu ilikuwa imeganda kwenye mawe, na pumzi zetu zilitoka kama moshi wa treni. Lyle alikuwa nyuma, na kila nilipogeuka nyuma alikuwa mbali zaidi. Jua lilipotoka tulikuwa tumekaribia sana. Kilele kilikuwa pale, chini ya saa moja, ukikitazama unaona unaweza kukipiga jiwe.

Lyle akaketi chini.

Nilishuka hadi alipokuwa. Midomo ilikuwa ya buluu. Nilimuuliza leo ni siku gani, akanitazama na kunijibu neno la Kizungu lisilo siku yoyote. Nikainama, nikaweka sikio kifuani kwake. Kilikuwa kinachemka.

Bwana Carrick aliita kutoka juu. Hao watu husema nasi Kiswahili chao wenyewe. "Barasa! Weka yeye nyuma ya jiwe, funika blanketi. Sisi nakwenda, nakuja chukua yeye baadaye."

"Bwana, huyu hatatungoja," nikamwambia. "Lazima ashuke sasa hivi. Na ninyi wote mshuke naye, maana wingu linakuja na hakuna mwingine anayejua njia ya barafu."

Alitazama saa. "Nusu saa tu."

"Hata dakika kumi hana."

"Wewe iko boi ya njia. Hapana bwana hapa. Mimi nasema kwenda."

Sikuwa nimewahi kumkatalia mzungu usoni, hata jeshini Burma sikuwahi. Nilimtazama Chelule na Chelule alikuwa ameshafungua blanketi, ananingoja.

"Mimi nageuka," nikasema. "Anayetaka njia, njia inashuka."

Tulimfunga Lyle mgongoni mwangu kwa blanketi na kamba, jinsi mama anavyobeba mtoto. Chelule alishika kamba kutoka juu ili nisiteleze. Wale wenye mashamba wawili walitazamana, wakatufuata. Bwana Carrick alibaki amesimama peke yake. Kisha wingu likafunika kilele, na yeye naye akashuka.

Tulibadilishana, mimi na Chelule, jiwe kwa jiwe. Sitasema nilikuwa shujaa. Muda wote nilikuwa nasikia ile pumzi shingoni kwangu na nikifikiria jambo moja: akifa hapa, mzungu amekufa mgongoni mwa Mwafrika. Mwaka huu, na hali ilivyo, nani angeniuliza swali la pili? Zamu yake ya kubeba ilipofika, Chelule alisema maneno hayo hayo kwa sauti. Nikamwambia basi tukaze mwendo asije akafa.

Tulipita kambini bila kusimama, tukawapigia wapagazi kelele wafunge vitu. Tulishuka, tukashuka, mpaka kwenye tope. Saa nane mchana, nikiwa nimezama mpaka magotini, mtu wa mgongoni akasema wazi kabisa, "Maji."

Nilimweka chini, akanywa chupa nzima. Akauliza kwa nini amefungwa kama mzigo. Chelule alianza kucheka na kucheka kwake kukageuka kilio, akauficha uso kwa kofia.

Hewa ilikuwa imemrudia. Ugonjwa ule wa hewa nyembamba ndivyo ulivyo: juu unaua, chini unasahauliwa. Kesho yake msituni Lyle alikula mayai matatu na kutembea mwenyewe hadi kwenye lori. Bwana Carrick alimtazama akitafuna, kisha akanitazama mimi. Tulipofika Nakuru alishika kitabu changu, akakitia mfukoni mwake. Akasema nije kwake Jumamosi, mbele ya wote, niombe msamaha kwa kuvunja amri na kuwanyima kilele. Nikiomba ataandika vizuri. Nisipoomba, atawaambia wote wanaopeleka watu mlimani wasiniite.

Basi leo nimekwenda. Rosa alinipigia pasi shati jeupe. Chelule alitoka Molo juu ya lori la viazi ili tu asimame nami, ingawa hakuitwa.

Walikuwa verandani wote wanne, wanakunywa chai. Sisi tulisimama chini kwenye kokoto. Bwana Carrick alisema, "Haya, sema."

Nilikuwa nimejiandaa njiani kutosema kitu kabisa. Lakini nilipomwona Lyle amekaa pale na kikombe chake, uso umerudiwa na rangi, nilikumbuka kamba ya kiatu, na maneno yakaja.

"Naomba msamaha kwa siku ya pili," nikasema. "Siku ya pili mchana nilimwona Bwana Lyle amekataa chakula na vidole vimesahau kazi. Ugonjwa huo naujua, umeniulia mwenzangu. Ilinipasa kusema tulale pale pale siku mbili au tushuke. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka sifa. Kosa ni langu, na kwa hilo, Bwana Lyle, unisamehe."

Bwana Carrick alitikisa kichwa kama mtu aliyeletewa chai ya mtu mwingine. "Hapana siku mbili. Siku tatu. Sema ya siku tatu."

"Ya siku ya tatu sina msamaha. Nikirudishwa pale kesho nitageuka tena, na nitageuka mapema zaidi."

Akamgeukia Lyle na kumuuliza kwa Kizungu kama kweli alikuwa mgonjwa. Kizungu changu ni cha jeshini lakini nilikielewa. Lyle alitazama kikombe chake. Akasema alikuwa amechoka kidogo tu.

Amechoka kidogo.

Nitakuwa mkweli: hayo maneno yaliniuma kuliko yale ya kuitwa boi. Bwana Carrick angeweza kunitukana mpaka jioni nisitikisike. Lakini huyu nilikuwa nimeisikia pumzi yake shingoni.

Bwana Carrick alitoa kitabu changu, akafungua ukurasa mpya, akaandika mstari mmoja na kunitupia. Nimeusoma mara nyingi leo. Unasema mtu huyu hafuati amri. Sahihi yake iko chini.

Tulikuwa tumefika getini tuliposikia mtu anakimbia kwenye kokoto. Lyle. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema kwa Kiswahili chake kidogo kwamba anajua, kwamba anakumbuka baadhi, kwamba anashukuru sana, na akanyoosha mkono.

Sikuupokea.

"Bwana, hayo uliyoniambia hapa, rudi ukayaseme kule," nikamwambia. "Nitakungoja."

Aligeuka akatazama veranda. Akatazama viatu vyake. Tulingoja, mimi na Chelule, kwenye jua, muda wa kutosha mtu kwenda na kurudi. Yeye alisimama pale pale kati ya geti na nyumba, na mwishowe sisi tukashika njia.

Sijui kama nilifanya vizuri kuukataa ule mkono. Chelule anasema ningeupokea, mtu mwoga naye ni mtu. Labda. Lakini nimeshachoka na shukrani za getini.

Nilipoingia nyumbani Rosa alikuwa anachambua mboga. Hakuniuliza kitu mpaka nilipoketi.

"Umeomba?"

"Nimeomba la siku ya pili."

"Na la tatu?"

"Hilo sikuwa nalo."

"Na kitabu?"

Nikampa. Rosa anasoma Kizungu kunizidi, alisomea misheni. Alisoma ule mstari, akafungua kurasa za nyuma, zile sahihi zote za watu walioshuka salama, akarudi kwenye ule mstari tena.

"Hili ndilo neno zuri kuliko yote humu," akasema, akarudi kwenye mboga zake.

Najua pia maana ya ule mstari kwangu. Jumatatu ni ghala, na Jumanne ghala, na mwaka huu pengine hakuna atakayeniita. Nitaukosa mlima vibaya sana. Nikifumba macho nasikia pimbi wanavyolia kule bondeni na baridi inavyoingia kwenye kucha. Sitajifanya hainiumi.

Lakini ukurasa ule sitauchana. Mtu akija kunitaka, nitamfungulia pale pale kwanza, asome. Akiupenda, tutakwenda, na siku ya pili akikataa chai nitamshusha, awe awaye yote. Asipoupenda, atafute mwingine wa kufuata amri.

Na mimi je, siku nikiwa mimi ndiye niliyeketi chini na midomo ya buluu, nitakuwa na adabu ya kusema nilibebwa?