Salawati Moja Iliyokataliwa na Kompyuta

Jannat, wajukuu wamenicheka sasa hivi, eti kompyuta haikosei hesabu. Nikawauliza, mlikuwepo Voi mwaka wa tisini na sita?

Si unamkumbuka wifi yangu Mwanatumu. Mamake alikuwa hoi kitandani, na kutwa nzima aliweza kumsalia Mtume mara moja tu. Moja. Akamtuma bintiye akaiandikishe madrasa, kwenye ile hesabu ya salawati ya wanawake wote wa Voi.

Ustadhi Fuad akaisoma jumla kwenye kompyuta: 16,777,216. Akaongeza moja. Ikabaki 16,777,216.

"Ongeza tena, ustadhi."

Akaongeza. 16,777,216.

Mwanatumu kasimama na buibui lake, hajui akamwambie nini mamake. Kwamba yake haikupokelewa?

Fuad akajikuna ndevu. "Bi Mwanatumu, hesabu ikishakuwa kubwa hivi, programu niliyoiandika haina nafasi ya kushika moja. Inaikata. Kosa ni langu, si la mama."

"Na mbili itashika?"

"Mbili nadhani itashika."

Basi Mwanatumu akamsalia Mtume palepale mbele ya meza, polepole, asikose herufi.

"Sasa andika mbili. Ya mama na yangu."

16,777,218. Jannat, ikakubali.

Kufika nyumbani, mamake akamuuliza, "Yangu imeingia?"

"Imeingia, mama."

"Haikusumbua?"

"Kidogo. Nimeisindikiza mpaka ndani."