Kichupa Nilichokiandika "Mzima"

Mama mshauri, shikamoo, naomba msaada wako na naomba usinicheke. Mimi ni mtafiti wa maabara, mwaka wa kumi na mbili sasa nachunguza protini zinazoshikilia kiini cha seli, maana zikiharibika, na kasoro hiyo hurithiwa, misuli hulegea na mapigo ya moyo huvurugika, na ili kuzijua seli za mgonjwa lazima uwe na za mtu mwenye afya za kulinganishia, nasi tukipungukiwa huwa tunatumia ngozi zetu wenyewe, basi mwaka juzi nikatoa kipande cha ngozi ya mkono wangu, nikaandika kichupa cha seli zake "mzima" bila kupima kwanza. Mwezi uliopita nikaangalia vichupa vyote kwa hadubini huku majina yamefunikwa, nikatenga viini vya duara huku, vilivyokunjamana kule, kufunua majina, changu kiko kwenye vilivyokunjamana, kwa wagonjwa. Nimerudia mara nne. Aibu yangu ni hii: sikuogopa, nilifurahi, nilitaka kujua kwa nini bado napanda ngazi bila shida, na sijamwambia mtu. Kisha Jumapili mdogo wangu wa kiume alikuja kwangu, akapanda ngazi ameshika ukuta, nikamuuliza, akasema, "Dada, ni viatu tu hivi." Nikimwambia nitamtia hofu labda bure, na nikisema kazini, kazi yetu ya miaka miwili itaharibika, nikisubiri wiki chache nitakuwa na jibu kamili. Nifanye nini?

Mtafiti

Marahaba, mwanangu. Sikucheki. Hata mimi nimeisoma barua yako mara mbili kwa hamu ya kujua inakuwaje, kwa hiyo furaha yako naielewa. Lakini tusizungushane. Mdogo wako anasingizia viatu, wewe unasingizia jibu kamili, na nyinyi watu wa maabara jibu kamili hamjawahi kulipata.

Kesho asubuhi mwambie mkuu wako kichupa cha kulinganishia kina kasoro. Atafoka, mwache afoke, wapo wagonjwa wanaoitegemea kazi hiyo iwe ya kweli. Wiki hii hii wewe na mdogo wako mkapimwe, na muanze na moyo. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia mapigo huvurugika. Usimpeleke kwa kisingizio. Mkalishe, umwambie ulichokiona na usichokijua bado. Utafiti utaendelea baadaye.

Atakuuliza umejua tangu lini. Mwambie tangu mwezi uliopita, usipunguze hata siku moja.