Pulovere ya mbwa kwenye kamba

Mbele Berthe asome barua, acha mi Koko, bibi yenu ya hii gazeti, niseme kwanza na ule aliiandika. Wewe mama, ulienda wapi? Maharagwe nilikuwa ninapanda nyuma ya nyumba ile siku ulikuja mara ya mwisho, ilitoka, ilichanua, tuliila, na sasa tulishapanda ingine. Mbele ulikuwa unapandaka huku kwa kilima yangu kila juma, unakaa karibu ya moto, unachambua sombe, majani ya muhogo, vibaya vile batu ya Kisangani banachambuaka, na mi ninakuachilia. Leo unanitumia karatasi kwa gazeti kama vile mi niko bureau ya Leta, ya serikali! Haukuweka jina. Mi sikusoma hata darasa moja, Berthe njo anasomaka barua na anaandika majibu yangu, mais mbele amalize mistari ya kwanza nilishajua ni wewe. Jina yako sitaisema. Kukukaripia, hiyo nitakukaripia. Berthe, soma.

*

Koko yetu mupendwa, ninaomba unisaidie na usinicheke, ao ucheke kwanza na nyuma unisaidie, juu kitu ninauliza ni kadogo: je, mbwa mudogo anahitaji nguo wakati ya baridi, ao hapana? Mi ni mutoto ya Kisangani, kule joto inatulazaka chini kwa ciment, na bwana yangu anafanyaka kazi ya cadastre, kupima viwanja vya batu, balimutuma Beni kwanza, na kule Beni chef yake akihama alituachia Bonbon, mbwa kadogo, miguu kama vijiti, manyoya mufupi hata ngozi inaonekana, na kule alikuwa muzima kabisa, anafukuza kuku, analala kwa jua, mais tangu balituleta Butembo, asubuhi ukungu inaingia mupaka ndani ya sufuria, na Bonbon anatetemeka, anainua muguu moja, nyuma anainua ingine, kama mutu anakanyaga makaa, anakuja kujificha ndani ya manteau yangu, na mi nikaanza kujiuliza, baridi ya mbwa ni sawa na baridi yetu, ao yeye anatetemeka tu kwa mazoea? Nikauliza bwana yangu, akanijibu: « Mbwa alizaliwa na koti yake. Unafikiri Mungu alisahau vifungo? »

Donc nilienda sokoni, kwa nguo ya kuchagua, ile mitumba, nikatafuta kipimo ya Bonbon, na Koko, kipimo ya Bonbon ni ya mutoto muchanga tu, hakuna ingine, nikachukua pulovere mbili za sufu, moja ya njano, moja ya bluu, nikafika nikafua zote, nikaanika kwa kamba. Hapo njo mambo ilianza. Nani aliniambia kama hapa nguo ya mutoto muchanga kwa kamba ni tangazo? Hapa habaulizake mama kama amezaa, banaona kamba na banaenda kutafuta kuni ya kumuletea muzazi. Jirani yetu, Mama Kahongya, shemasi ya kanisa, aliona kamba. Na mi niko munene, na juu ya baridi ninavaaka manteau ya bwana yangu, hakuna mutu alijua tumbo yangu iko namna gani. Kesho yake, pulovere ya njano Bonbon alishaivaa na alishaacha kutetemeka, na mi niko na furaha yangu, nikasikia wimbo kwa lupango, uwanja ya nyumba yetu, bamama ya kanisa na kuni kwa kichwa, unga ya buyi, ile uji ya muzazi, maharagwe, ndizi, sabuni, na Bonbon akalia kule chumbani, ile sauti yake ndogo ya kulialia, Mama Kahongya akasimama: « Musikie! Musikie ile sauti! » Mwenzake akasema: « Ule ni kijana, anataka kula. »

Koko, sikubaambia kama ni mbwa. Nilisimama kwa mulango, na tangu tuoane, na ni myaka mingi, hakuna mutu alishaniimbia hivi, nikalia, bakasema mama amechoka, acheni apumuzike, na mi nikasema tu « Wasingia », asante, juu hiyo njo Kinande yote ninajua. Habakuingia, juu desturi yao ni kuacha mama atoke mwenyewe. Mais Jumapili banarudi kwa kumuona mutoto na kumuombea, na banauliza jina. Bwana yangu anakula maharagwe na hanitazame. Mi nilifika hata kufikiri niseme mutoto amekufa, lakini basi batakuja kulala kwa kilio. Donc naomba uniambie ukweli juu ya mbwa, mudogo kama huyu anahitaji nguo kweli ao hapana, juu kama hapana, basi haya yote nilijitafutia bure.

Mama mugeni, Butembo.

*

Tuanze na mbwa, juu uliuliza mbwa, na kusema kweli ile swali ilinishika. Nilizeeka bila kujiuliza kama mbwa anasikia baridi. Kwetu mbwa analalaka kwa majivu jikoni, mutu anamufukuza na fagio, ni basi. Donc nilienda kuangalia na mikono yangu. Mumbere, ule analetaka viazi kutoka Musienene, iko na mbwa mukubwa anayelala inje na ukungu juu yake. Nikaingiza vidole ndani ya manyoya. Vidole vilipotea! Kule chini moto, kama kitanda mutu anatoka sasa hivi. Mumbere akaniuliza: « Koko, unatafuta chawa? » Nikamujibu: « Ninatafuta akili, kwako niliikosa. »

Nyuma nikaweka inje sufuria mbili za maji ya moto, moja kubwa, moja kadogo. Mbele nimalize kufagia lupango, kadogo ilishapoa, na kubwa ingali inatoa moshi. Bonbon yako ni ile kadogo, tena haina mufuniko. Basi jibu ni hii: mbwa mukubwa wa manyoya, usimupe nguo, utamupika. Mudogo, mwembamba, wa manyoya mufupi, mwenye kutoka kwa joto, ndiyo, baridi inamuuma kweli, na akiinua miguu hivyo anakuambia na mudomo asioweza kusema. Bwana yako umuambie kama Mungu hakusahau vifungo. Mais Mungu hakumutuma Bonbon Butembo, ni Leta.

Sikiliza muzuri sasa, juu ninaona unaweza kuharibu. Nguo ni ya asubuhi na mangaribi. Jua ikitoka, vua. Ikiloana, vua mbio, sufu yenye maji ni mubaya kuliko kukosa nguo. Ile ya njano uikate mikono, utoe vifungo vyote mbele avimeze, na uangalie isimukaze chini ya makwapa. Akilala, kitanda njo itamusaidia kupita nguo: gunia yenye maganda makavu ya maharagwe, mbali na ciment. Akiwa na nguo na kitanda na angali anatetemeka, hiyo ni ugonjwa, umupeleke kwa munganga ya nyama, ule anatibuka wanyama, usimuongezee pulovere.

Mbwa imeisha. Tuje kwa wewe, juu wewe uko na kidonda kwa mugongo na ulikuja kunionyesha ukucha.

Kusema mutoto amekufa! Uliandika na mukono yako? Berthe alisoma pale, nikamuambia arudilie, nilifikiri ni macho yake. Huku Butembo, kule Beni, kuna bamama balizika kweli, bangali banaweka sahani ya mutoto kwa meza bila kufikiri, na wewe unataka kuazima kilio yao juu ya pulovere ya njano? Ile wazo uitupe chooni, na umwage maji.

Mais usiniambie kama ulinyamaza juu ya aibu. Ulinyamaza juu wimbo ilikuwa muzuri na ilikuwa yako. Hiyo ni njaa, mama, na njaa mi ninaijua, sitakupiga juu yayo. Ila mutu mwenye njaa akikula kwa sahani ya mwenzake, akishashiba anasema. Wewe unangoja Jumapili bamama bafunue kitenge bakute masikio mbili na pua ya maji!

Uende kwa Mama Kahongya leo. Umubebe Bonbon, avae nguo yake. Usianze na hadisi ya Kisangani, na ya chef, na ya cadastre. Useme hivi: « Mama, mutoto mulimuimbia njo huyu. Mwingine sina. Nilishindwa kusema juu mulinifurahisha. » Nyuma ufunge mudomo. Atakasirika, na iko na haki, kuni haijipandishe yenyewe kwa kichwa ya mutu. Atakuuliza kama unafikiri kanisa ni ya mbwa. Umuache amalize. Kahongya ninamujua tangu anatembea bila viatu, hasira yake ni kama mvua kwa mabati, makelele mingi na inapita. Akikuuliza ile mambo ya kutozaa, umuambie vile iko, na kama machozi inakuja, iache ije mbele yake. Ule mwanamuke analiaka na watu vizuri kuliko vile anahubiri.

Vitu vilibaki, usimurudishie. Kwetu vitu vya uzazi havirudi nyuma, vinaenda mbele, kwa mama mwingine. Na mama mwingine iko. Chini ya kilima yangu, nyuma ya moulin ya kusaga unga, kuna Falonne. Alikimbia kutoka Mabalako, kule upande ya Beni, vita nyuma yake na tumbo mbele yake, na alizalia huku kwa nyumba ya kuazima. Unajua kuni ngapi alipata? Hata kijiti. Juu mutoto yake iko na nguo moja tu, inafuliwa na inakaushwa kwa moto ndani ya nyumba, haijaona kamba hata siku moja. Bamama banapita, banaangalia kamba, kamba iko wazi, banaenda. Ona sasa! Desturi yetu ninaipenda, ilinibeba mi mwenyewe nikizaa, mais safari hii iliona mbwa na ikapita mutu. Umuambie Kahongya hivyo hivyo, na useme ni mi nilisema, akasirike na mi.

Kuni ni ya Falonne. Unga ni ya Falonne. Ile pulovere ya bluu Bonbon hajaivaa: usiikate mikono, usitoe vifungo. Maharagwe bwana yako alikula, bwana yako atayabeba mengine yeye mwenyewe, kwa bega. Na Jumapili bamama bakikuja na wimbo yao, usijifiche chumbani, utoke, utembee nao mupaka nyuma ya moulin. Kama haujui maneno, piga makofi.

Tena ule bwana yako, ule anakula na hakutazame. Unafikiri ana hasira? Na yeye alisikia kuimba. Umuambie aweke kijiko chini, museme. Juu ya tumbo yako, mi siko munganga, sitakupa majani kupitia gazeti, na huku kwangu hakuna mutu atakuuliza kitu. Njo maana ninakasirika ukikaa mbali: ulikimbia hata nyumba yenye haikuulizake.

Hii jibu nilimutuma Berthe akusomee kwanza wewe, kwako, mulango ikifungwa. Nilimuambia: akikataa, tutatia gazetini ile barua ya bwana anayeficha chumvi mama mukwe asiikute. Basi wenye munasoma hii, mujue alisema ndiyo.

Na wewe, siku ya kupanda huku kwangu, na iwe juma hii, usipande peke yako. Upitie nyuma ya moulin umuchukue Falonne. Kilima ni kikali na yeye hajapata nguvu. Mutoto umubebe wewe, mugongoni, umufunge muzuri na kitenge, kichwa isining'inie. Bonbon iko na miguu ine, atembee.